Kabla hujanunua rangi ya kupaka askari wa plastiki

Usianzie dukani. Anza na askari mwenyewe: mpinde bunduki yake kidogo. Ikipinda na kurudi, hiyo ni plastiki laini, kama ya askari wadogo wa kampuni ya Airfix wa kipimo cha 1/72, yaani kimo chake ni sehemu moja ya 72 ya mtu halisi. Ukiona inataka kukatika, achia hapohapo. Hiyo ni polisterini, plastiki ngumu kama ya askari wa kampuni ya Tamiya wa 1/35. Hao wawili hawapakwi rangi moja, na anayekwambia "rangi ni rangi" mwache apake geti lake.

Waoshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani, maana wengi hutoka kiwandani na mafuta ya kalibu. Nunua brashi mbili, moja iwe na ncha nyembamba. Na rangi iwe ile isiyong'aa, la sivyo kikosi kizima kitaonekana kimetoka kunyeshewa.

Sasa rangi ya kupuliza. Jamaa yangu mmoja alikuwa na boksi la askari wa PVC, wale laini wa mpira-mpira, alioachiwa na kaka yake. Akaingia duka la vifaa vya ujenzi, muuzaji akamshikisha kopo la rangi ya magari: "Chukua hii bosi, inashika hata bati." Ikashika kweli. Siku ya kwanza walipendeza, kila aliyepita barazani aliuliza bei. Kesho yake ukiwagusa kidole kinanata. Akasema ni unyevu, si masika haya? Akawaanika juani. Mwezi ukapita, bado wananata, na sasa wameota vumbi na nywele za paka. Alipohama aliwafunga kwenye gazeti, na walipofunguliwa maandishi yalikuwa yamehamia migongoni: koplo mmoja alibeba nusu ya tangazo la kiwanja kinachouzwa, herufi zimegeuka. Akaona awasugue kwa thina. Pua zikaenda, mikanda ikaenda.

Sababu yake ni hii. PVC laini hutiwa kilainishi, na kilainishi hicho hutoka polepole na kuingia kwenye rangi. Thina iliyomo kwenye rangi ya kopo hukifungulia njia, basi hakuna kukauka tena. Kwenye polisterini balaa ni jingine: rangi yenye thina kali inakula uso wenyewe, mikunjo ya nguo inafutika.

Kwa hiyo plastiki laini ipe akriliki ya maji, yaani rangi inayochanganywa na maji, kama ya chapa ya Vallejo, inayopinda pamoja na mwili. Enameli, yaani rangi ya mafuta, kama ya Humbrol ni nzuri kwa polisterini, na kikopo cha ml 14 kinakwenda mbali, ila kwenye plastiki laini hukauka ikawa ngumu na kubanduka ukigusa tu bunduki. Akriliki ya Tamiya ina alkoholi ndani. Ukirudia brashi kabla haijakauka vizuri, inavuta tabaka la rangi la chini. Yoyote utakayochagua, nunua kopo moja kwanza, paka chini ya kibao anachosimamia askari mmoja, ngoja wiki, kisha bonyeza kwa kucha. Ndipo ununue zilizobaki.

Kaki nayo isikudanganye kwa jina lake kwenye kifuniko. Askari Mwingereza wa vita vya El Alamein, jangwani Misri, mwaka 1942 alivaa kaki nyepesi ya rangi ya mchanga. Mwenzake wa Normandy, Ufaransa, mwaka 1944 alivaa sufu ya kahawia. Tafuta picha kabla ya kopo. Nyeusi tupu usiitumie sana, kijivu kizito kinatosha kwa buti.

Askari wa zamani waliokwisha pakwa usiwapige msasa mkavu. Vumbi lake laweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu: Marekani iliyabana kwenye rangi za nyumbani na za vitu vya watoto mwaka 1978, hivyo wa kabla ya hapo washuku. Fungua madirisha, thina isikae karibu na jiko, watoto wadogo wasiachiwe bunduki zilizokatika, na kikombe cha kuoshea brashi kisifanane na cha chai.