Kupitisha Majira ya Baridi Mashuani Baada ya Kustaafu

Wastaafu wengi wanaoamua kuishi ndani ya mashua iliyofungwa marina (bandari ndogo ya mashua) wakati wa baridi hutumia fedha zao nyingi kununua hita, kumbe kinachowafukuza watu mashuani kabla baridi haijaisha mara nyingi ni unyevu. Watu wawili wanaopika, kuoga na kulala katika chumba kidogo hutoa lita kadhaa za mvuke kwa siku, na mvuke huo ukigusa ubavu wa mashua uliopoa kwa maji ya nje hugeuka matone. Inua godoro asubuhi ulipapase upande wa chini: likiwa na majimaji, madoa meusi ya kuvu hayako mbali. Dawa yake ni kutandika chaga za mbao chini ya godoro ili hewa ipite, kuacha milango ya makabati wazi kidogo, kufunika sufuria unapopika, na kutoziba matundu ya hewa hata upepo ukivuma vipi. Kama fedha zinatosha kifaa kimoja tu, mimi ningenunua mashine ya kunyonya unyevu.

Umeme wa gatini nao una mipaka yake. Soketi ya ampea 16 kwa volti 230 hutoa takriban wati 3,700, hivyo hita ya wati 2,000 na birika la wati 2,000 vikiwashwa pamoja, swichi inaweza kujikata. Zima hita kwanza, ndipo uchemshe chai. Waya wa umeme unaotoka gatini ukunjuliwe wote, kwa maana ukiachwa umeviringika huku ukibeba mzigo mkubwa hupata moto. Anayetumia hita ya dizeli, gesi au kuni aweke king'ora cha kaboni monoksidi, gesi ya sumu itokanayo na moto, karibu na anapolala, kwani haina rangi wala harufu, na jiko la kupikia lisigeuzwe kamwe kuwa la kuota moto.

Maji ya kunywa yajazwe tangini kila siku yenye nafuu ya baridi, kwa sababu mabomba ya gatini huganda, na marina nyingine huyafunga kabisa. Kamba na dapra (maboya yanayokinga ubavu wa mashua usigonge gati) zikaguliwe kila baada ya upepo mkali, hasa pale kamba inaposuguana na ukingo wa mashua.

Hatari kubwa kuliko zote, kwa mtu wa umri wetu, ni ile hatua moja kati ya gati na mashua, usiku, mbao zikiwa na barafu. Maji yaliyo chini ya nyuzi 15 za selsiasi humfanya aliyetumbukia avute pumzi kwa nguvu bila hiari, pengine kichwa kikiwa bado chini ya maji, na baada ya dakika chache vidole havishiki tena. Vaa jaketi la kuokolea hata kama unakwenda kuoga tu, beba mizigo mgongoni ili mikono ibaki huru, na ufunge taa kichwani. Safari za chooni usiku wa manane zipunguzwe kwa kuweka chombo mashuani. Hakuna aibu hapo. Kisha, kabla barafu ya kwanza haijaanguka, tembea gatini mchana uhesabu hatua kutoka mashua yako hadi ngazi ya karibu inayoshuka majini, na uhakikishe kwamba kidato chake cha chini kimezama kiasi cha kufikiwa na mguu wa mtu aliye ndani ya maji.