Namna ya Kumtafuta Kurumbiza Mwenye Nyota katika Misitu ya Meru na Kilimanjaro

Kurumbiza mwenye nyota nyeupe ni ndege mdogo wa misitu ya milimani yenye unyevu, mwenye urefu wa sentimita 15 hivi, na mtu anayemtafuta kwa kuzungukazunguka msituni mara nyingi hurudi nyumbani bila kumwona. Lililo bora ni kuchagua mahali panapomfaa, kukaa kimya na kumwacha aje mwenyewe.

Mkazi wa Arusha aanzie katika msitu wa Ngurdoto, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ambako matembezi ya miguu hufanywa pamoja na askari wa hifadhi kwa sababu ya nyati. Aliyeko Moshi apande Marangu au Machame hadi juu ya vihamba, yaani mashamba ya migomba na kahawa ya Wachaga, akiwa amelipa kiingilio cha Hifadhi ya Kilimanjaro.

Uwe msituni alfajiri, umevaa nguo zisizong'aa, kisha ukae karibu na kijito au chini ya miti yenye vichaka vizito, bila kuinuka kwa nusu saa au zaidi. Usitazame juu ya miti. Ndege huyu hutua kwenye tawi la chini, akachungulia majani makavu, akashuka ghafla kudaka mdudu, kisha akarudi kivulini. Ukikuta msafara wa siafu, kaa mbali kidogo nao na usubiri hapo hapo, kwa kuwa wadudu wanaowakimbia siafu humvutia sana.

Kichwa chake ni cha kijivu kilichokolea kisicho na wekundu wowote, mgongo ni wa kijani, na kifua na tumbo ni vya manjano safi. Nyota zenyewe ni vidoa vyeupe, kimoja mbele ya kila jicho na kingine kooni, na hicho cha kooni hufichwa na manyoya hadi ndege ashtuke. Usimchanganye na kurumbiza wa bustanini, mwenye mstari mweupe juu ya jicho na tumbo la rangi ya chungwa. Makinda wana madoadoa, nao huwatatiza hata wazoefu.

Tafadhali usimwite kwa sauti iliyorekodiwa, maana humwondoa kwenye malisho na kiota chake. Kiota hujengwa ardhini, kikiwa na paa la majani na mlango ubavuni, hivyo ni rahisi kukikanyaga. Ukimwona ndege ameshika mdudu mdomoni na anapiga kelele bila kummeza, rudi nyuma kwa njia ile ile uliyojia.