SOMO: Kuhamia risasi za shaba

Swali la jinsi ya kuacha risasi za kawaida na kuwinda kwa risasi za shaba limekuja mno, sasa jibu lipo hapa. Risasi za kawaida zina kiini cha madini ya risasi, ambacho humeguka ndani ya mnyama na kutawanya chembe mbali na jeraha. Utumbo ukibaki porini, tai huumeza pamoja na chembe hizo, asidi ya tumbo huziyeyusha, na sumu inaingia kwenye damu. Kondori wa California, ndege wakubwa wala mizoga wa Marekani waliobaki 22 tu mwaka 1982, bado wanakufa kwa sumu hii.

1. Nunua kipenyo kilekile cha bunduki yako.

2. Chukua uzito mdogo kidogo kuliko uliozoea. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, hivyo kwa uzito uleule risasi huwa ndefu, na si kila mtutu utaituliza iruke sawa hewani.

3. Safisha mtutu hadi kitambaa kitoke cheupe.

4. Rekebisha darubini ya bunduki upya. Hapa ndipo watu wanaharibu: wanabadilisha risasi, wanaacha darubini ilivyokuwa, halafu wanalaumu shaba. Jaribu aina mbili au tatu za risasi, kila aina piga tatu kwenye karatasi, mtutu upoe kila baada ya kundi. Chukua inayokusanya matundu karibu. ONYO: shaba hutaka kasi ili ichanue, yaani itanuke ndani ya mnyama. Ukipiga mbali mno itatoboa tu, na mnyama ataondoka na jeraha. Soma kasi ya chini kwenye maelezo ya mtengenezaji.

MASWALI

— Mkuu, nitajie tu iliyo bora.
Hatua ya 4.

— Ila bunduki yangu tofauti...
Ndiyo maana sikukutajia. Hatua ya 4.

— Marisau (zile punje za shotigani) ya chuma kwenye shotigani ya zamani, vipi?
Usithubutu kabla fundi hajaikagua. Chuma ni kigumu, mtutu mwembamba au uliobanwa sana mdomoni unaweza kuharibika. Marisau ya bismathi, metali nyingine, ni laini zaidi, ulizia hayo. Na kama mtutu unaruhusu chuma, panda saizi mbili za punje, maana chuma ni chepesi na hupoteza nguvu mapema.

— Nikizika utumbo, si yatosha?
Swali zuri. Inasaidia, ila fisi na mbweha hufukua, na chembe nyingine zimo kwenye nyama unayopeleka nyumbani. Ukitumia shaba, uache utumbo palepale, tai wale.

— Naongezea: mkiwa bado na risasi za zamani, kateni nyama pana kuzunguka jeraha, na msimpe mbwa hayo mabaki.
Sahihi kabisa. Wala kuku.