Mbu wa mchana uani: brashi kwanza, dawa baadaye

Shangazi yangu wa Mbagala alikuwa akiumwa na mbu saa nne asubuhi, akichambua mchicha uani. Dawa ya kupulizia kashamaliza makopo matatu. Nimetoka kwake juzi; naandika tulichofanya kabla sijasahau.

1. Mjue mbu wako. Anayeuma mchana, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, ni Aedes, ndiye aliyetusambazia homa ya dengi Dar mwaka 2014 na tena 2019. Mtaro mchafu haumpendezi, anataka maji safi chomboni. Yule wa usiku anayepiga kelele sikioni mara nyingi katoka kwenye karo la maji machafu.

2. Tafuta maji: tairi, vifuu, sahani za maua, gata la bati.

3. Sugua. Hapa nilipoteza miezi. Kwangu nilikuwa namwaga pipa kila Jumamosi na kulijaza upya, lakini siku chache tu viluwiluwi hao tena! Nikalaumu maji ya bomba. Kumbe Aedes hutaga kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji yanapoishia. Mayai yanagandia hapo, yanavumilia ukavu kwa miezi, na maji yakiyafikia yanaanguliwa. Kumwaga tu ni kuwabadilishia maji ya kuogelea. Chukua brashi ngumu na mchanga, sugua kuanzia mdomoni kushuka chini, na mfuniko kwa ndani usiusahau. Maji ya kusugulia yamwage kwenye udongo mkavu juani, usiyamwage mtaroni. Pipa la chuma lenye kutu halisuguliki likatakata. Langu niliwauzia watu wa chuma chakavu nikanunua la plastiki. Rudia kila wiki, maana kwa joto letu yai huwa mbu ndani ya siku saba hadi kumi hivi. Chombo usichoweza kumwaga, kama simtanki, kifunge kwa wavu na mpira. Jiwe juu ya mfuniko linaacha upenyo.

4. Karo: ziba nyufa, funga wavu kwenye bomba la hewa. Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980 vyoo vya shimo vilimwagiwa punje nyeupe nyepesi zinazoelea, viluwiluwi wakakosa pa kupumulia. Wanaokushauri umwage oili chafu usiwasikilize, inaharibu udongo na kisima cha jirani.

5. Nje ya mbu: vidukari kwenye mchicha na bamia. Twanga majani ya mwarobaini, kama kilo moja kwa lita tano za maji, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo sana. Nyunyiza jioni, kwa sababu jua huiua nguvu dawa hii, na elekeza chini ya majani, wanakojificha. Rudia baada ya wiki. Mboga ioshe vizuri kabla ya kupika. Shangazi alisahau, tukala mchicha mchungu na hakuna aliyethubutu kusema.