Kurekodi roki ya dakika sita Dodoma: ilimba, gitaa na sauti tisa

Wimbo mrefu wa roki humchosha msikilizaji pale sehemu zake zinapokuwa hazijuani. Kwa hiyo chora ramani kabla ya kugusa maiki: utangulizi wa ilimba (chombo cha vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) sekunde 40, ubeti wa polepole dakika moja na nusu, kwaya dakika moja, roki yenyewe dakika mbili, na sekunde 50 za kushuka. Ubeti ukienda kwa midundo 72 kwa dakika, weka roki 144. Kasi ikiwa mara mbili kamili, mpiga dramu anavuka bila kusimama.

Ilimba ya Kigogo ndiyo inayowatesa maprodyuza wengi, kwa sababu haifuati kinanda. Noti zake hufuata mlolongo wa sauti asilia: mi yake iko chini ya mi ya kinanda kwa takriban senti 14 (senti mia ni nusu toni moja), na ta, yaani ti iliyoshushwa nusu toni, iko chini kwa takriban senti 31, karibu theluthi ya nusu toni. Gitaa likipiga kodi kamili ya meja, yaani do, mi na so kwa pamoja, mi mbili zinagombana na wimbo mzima unasikika mchafu. Mpiga gitaa apige do na so tu. Mi awaachie ilimba na waimbaji. Usisukume vyuma vya ilimba ili vifuate kinanda. Pima do yake kwa tyuna. Ikisoma senti 20 chini, shusha magitaa na kinanda kutoka hezi 440, kipimo cha kawaida cha noti A, hadi 435. Maiki ikae sentimita 20 hivi kutoka kwenye tundu, pembeni kidogo. Ule mvumo wa utando wa buibui uache, ndio roho ya chombo.

Kwaya inahitaji waimbaji watatu tu, kila mmoja akirudia sauti yake mara tatu. Queen, bendi ya roki ya Uingereza, walijenga kwaya ya “Bohemian Rhapsody” mwaka 1975 kwa njia hiyo ya kurundika sauti za watu watatu, kwenye mashine ya traki 24. Ugumu uko kwenye matamshi. Mstari ukiwa “nirudishe nyumbani”, sh tisa zikipishana kidogo zinasikika kama mafuta ya moto; mmoja aitamke wazi, wengine wailegeze. Maneno yetu huishia na irabu, kwa hiyo kubalianeni ile i ya mwisho inakatwa kwenye mdundo wa ngapi. Noti nzito iangukie silabi ya pili kutoka mwisho, “mba”, la sivyo neno linapinda. Rekodini usiku: mchana bati hulia kwa joto, na upepo wa Dodoma huingia kila upenyo. Sauti isizidi desibeli -12 kwenye mita ya kurekodia.

Gitaa la roki lipigwe mara mbili, moja kushoto, moja kulia, na mkwaruzo (distortion) upunguzwe kuliko ule unaopenda ukipiga peke yako.

Redioni, watangazaji wengi watakata wimbo wa dakika sita popote wanapotaka. Queen walikataa kukata wao. Mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio, London, aliupiga tena na tena, na wimbo ukakaa wiki 9 kileleni Uingereza. Wewe andaa pia toleo la dakika 3 na nusu: fupisha utangulizi, ubeti, roki na sehemu ya kushuka, lakini kwaya na mvuko wa kwenda kwenye roki vibaki. Sikiliza matoleo yote kwenye spika ya simu. Besi ikipotea, iongezee mkwaruzo kidogo badala ya kupandisha sauti, kisha sajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, ndipo uisambaze.