Kulaza trekta wakati wa kipupwe: ondoa maji kwenye dizeli

Njombe na Makete, mavuno yakishasombwa, trekta nyingi hukaa bila kazi mpaka mvua za Novemba zikaribie. Usiku ni baridi kali, mchana jua. Tanki lisilojaa hutoa jasho kwa ndani, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko dizeli, hutulia chini kabisa. Maelezo haya ni ya Massey Ferguson 240 yenye injini ya Perkins ya silinda 3, lakini dizeli nyingine hazitofautiani sana nayo.

Hatua ya 1. Trekta ilale usiku mzima mahali tambarare. Asubuhi, kabla ya kuwasha, kinga mafuta ya chini ya tanki kwa chupa inayoonyesha ndani, hadi dizeli itoke safi. Ukiona ute mweusi, ni vijidudu vinavyoota pale maji na dizeli vinapokutana. Hapo tanki lishushwe lioshwe. Ukibadilisha filta tu, itaziba tena.

Hatua ya 2. Jaza tanki, ukiacha nafasi ndogo ya mafuta kutanuka. Wengi hulikausha kwa kuogopa wizi. Hofu hiyo naielewa, ila tanki tupu ndilo linaloshika kutu. Afadhali ununue mfuniko wa kufuli. Dizeli ya akiba usiiweke kwenye chombo cha mabati, zinki yake huiharibu.

Hatua ya 3. Funga koki ya mafuta chini ya tanki, futa vumbi lote, badilisha filta pamoja na oringi zake (pete za mpira za kuziba). Oringi ya zamani itakuingizia upepo (hewa) kwenye njia ya mafuta.

Hatua ya 4: kutoa upepo. Hapa usiwe na haraka. Fungua koki. Legeza skrubu iliyo juu ya filta, piga mkono wa fidi pampu (pampu ndogo inayovuta mafuta kutoka tankini) mpaka mafuta yatoke bila mapovu, kaza. Kisha skrubu za injekta pampu (pampu inayosukuma mafuta kwa presha kwenda kwenye silinda): ya ubavuni kwanza, ya juu baadaye. Mkono wa fidi pampu ukiwa mlegevu na hausukumi kitu, zungusha injini kidogo, maana kemu (nundu ndani ya injini inayosukuma pampu hiyo) imesimama vibaya. Mwisho legeza nati za paipu za chuma kwenye nozeli (zinazonyunyizia dizeli ndani ya silinda), piga selfu (stata) hadi mafuta yatoke, kaza, washa. Usikinge kwa kiganja: mafuta yenye presha hiyo hupenya ngozi, na huo ni ugonjwa wa kukimbizwa hospitali.

Hatua ya 5. Acha injini iungurume dakika 20 hivi, dizeli safi ifike mpaka kwenye nozeli. Zima kwa kuvuta kishikio chake cha kuzimia. Usifunge koki ili ijizimie kwa kukosa mafuta kama jenereta ya petroli. Pampu hii hulainishwa na dizeli hiyohiyo, na utakuwa umeirudishia upepo wote.

Ikishalala, usiiwashe dakika mbili mbili kila wiki. Ukiiwasha, iache ipate moto sawasawa. Siku ya kuirudisha shambani, kinga tena mafuta ya chini kabla hujagusa selfu.