Kabla Hujafungua Kichupa cha CBD

Anayeanza kutumia bangi au CBD, kemikali ya mmea huohuo inayouzwa kama matone ya mafuta, huuliza kwanza: matone mangapi? Swali ni halali, ila limewahi mno. Kabla ya matone kuna nchi unayoishi, karatasi za uhamiaji unazosubiri, kazi unayofanya na dawa ulizonazo kabatini. Hayo yanaweza kukugharimu kuliko kichupa chenyewe.

Namwandikia mtu mzima anayeishi mahali ambako bidhaa hizi zinauzwa waziwazi, mathalani Toronto au Denver, na pia ndugu yake aliyeko Tanga au Kisumu ambaye ameahidiwa kuletewa "mafuta ya mgongo" kwenye begi. Kwa huyu wa pili jibu langu ni fupi: asiletewe.

Tuanze na vitu vyenyewe. Mmea wa bangi una kemikali nyingi za ukoo mmoja, na mbili ndizo zinazotajwa sana. THC ndiyo inayoleta stimu; wanasayansi Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni waliitenga na kuuchora muundo wake huko Israeli mwaka 1964. Ya pili ni CBD, nayo hailewi mtu kichwa, yaani hailevyi. Lakini wauzaji wamelinyoosha neno hilo mpaka watu wanadhani kitu kisicholewesha hakifanyi chochote mwilini, kama vile ni maji ya dawa tu. Kinafanya, na ini ndilo la kwanza kukihisi.

Sasa sheria. Tanzania Bara, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza kulima, kumiliki, kusafirisha na kutumia bangi. Zanzibar ina sheria na mamlaka yake. Kenya inatumia sheria ya mwaka 1994 pamoja na marekebisho yake. Rwanda iliruhusu mwaka 2021 kilimo cha bangi ya dawa kwa ajili ya kuuza nje, na wengi wakasoma kichwa cha habari wakaishia hapo: mwananchi kuivuta bado ni kosa. Maandishi ya "0% THC" kwenye lebo si kipimo cha maabara, na afisa wa forodha halazimiki kuyaamini. Halafu kumbuka kwamba safari nyingi za kwetu hupitia Dubai, Doha au Muscat. Falme za Kiarabu zililegeza kidogo adhabu kwa msafiri anayekamatwa mara ya kwanza na bidhaa yenye THC, kwa sheria iliyoanza kutumika Januari 2022, lakini mali inachukuliwa hata hivyo, na sidhani kuna maumivu ya mgongo yanayostahili kuhojiwa uwanja wa ndege huku ndege yako ikiondoka.

Walioko Kanada wana uhuru mpana zaidi: tangu tarehe 17 Oktoba 2018 mtu mzima anaruhusiwa kubeba hadi gramu 30 za bangi kavu hadharani. Uhuru huo unaishia mpakani. Kuvuka nayo kuingia Marekani ni kosa, hata kama jimbo unalokwenda nalo linaiuza madukani. Ujerumani iliruhusu umiliki tarehe 1 Aprili 2024, gramu 25 ukiwa nje na 50 nyumbani, lakini usitafute duka la bangi Berlin ukadhani ni kama Toronto. Walichoruhusu ni kupanda miche mitatu nyumbani na vilabu vya wanachama wanaolima pamoja.

Marekani ndiko penye mtego mkubwa kwa watu wetu, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Jimbo la Colorado limeuza bangi kwa watu wazima tangu Januari 2014, na majimbo mengi yamefuata. Uhamiaji, hata hivyo, si mambo ya jimbo. Unafuata sheria ya shirikisho, yaani ya serikali kuu, na kwa sheria hiyo bangi bado ni dawa iliyokatazwa. Mwenye viza au green card anaweza kukwama kwa kukiri tu kwamba ameitumia, bila kukamatwa wala kushtakiwa popote. Mwaka 2019 idara ya uraia ilisema wazi kwamba kuitumia, au hata kufanya kazi kwenye biashara yake iliyo halali jimboni, kunaweza kumzuia mwombaji kuhesabiwa kuwa na mwenendo mwema. Kwa hiyo ikiwa faili lako bado liko kwa wakubwa, usinunue, usipige picha dukani, usiweke picha ya jani la bangi kwenye status ya simu. Ukiulizwa, usidanganye; kimya na wakili ni bora kuliko uongo. CBD itokanayo na hempu, yaani bangi yenye THC isiyozidi asilimia 0.3, iliondolewa kwenye katazo hilo na sheria ya kilimo ya Desemba 2018, lakini hapo tena unarudi kwenye swali la kama kichupa kina kile kilichoandikwa.

Kazi nayo. Vipimo vya mkojo havitafuti CBD, vinatafuta mabaki ya THC. Mafuta yenye THC kidogo tu, yakinywewa kila siku, yanaweza kukutoa na jibu baya. Kwa aliyevuta mara moja mabaki huonekana kwa siku chache. Kwa anayetumia kila siku, wiki kadhaa. Wenzetu wengi wanaendesha malori makubwa kule, na Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ilitangaza mwaka 2020 kwamba "nilikunywa CBD" haikubaliki kama kisingizio cha dereva aliyepatikana na THC. Leseni ya lori ni pesa ya ada, kodi na ya kutuma nyumbani. Sioni kwa nini mtu aihatarishe kwa ajili ya usingizi. Wanariadha nao: CBD iliondolewa kwenye orodha ya vitu vilivyokatazwa mwanzoni mwa 2018, lakini THC bado imekatazwa wakati wa mashindano, na kisingizio cha lebo yenye makosa hakimwokoi mtu kirahisi.

Kisha fungua kabati la dawa. CBD huvunjwavunjwa na vimeng'enya vilevile vya ini vinavyovunja dawa nyingi za hospitali, hivyo dawa inaweza kurundikana mwilini kupita kiasi. Anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda anaweza kuanza kutoka damu kirahisi. Anayetumia klobazamu ya kifafa anaweza kulemewa na usingizi. Kwa valproeti, nayo ya kifafa, vipimo vya ini huweza kupanda vibaya. Waliowekewa figo na wanaotumia takrolimusi, dawa ya kuzuia mwili usikikatae kiungo kipya, wasiguse kabla daktari hajajua. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume, huimaliza CBD haraka, na wakati huohuo dawa za TB zenyewe tayari ni mzigo wa kutosha kwa ini. Anayetumia dawa za kufubaza VVU amwambie mhudumu wa kliniki yake, hata kama anaona aibu. Mhudumu ameshasikia makubwa zaidi. Dalili moja ya haraka: ikiwa karatasi ya dawa yako inakuonya usile balungi, chukulia kwamba onyo hilo linaihusu CBD pia mpaka mfamasia aseme vingine.

Mjamzito na anayenyonyesha waache vyote viwili. Aliye chini ya miaka 25 aikwepe THC, kwa kuwa ubongo bado unakomaa, na aliye na ugonjwa wa kuchanganyikiwa akili katika ukoo aikwepe katika umri wowote. Mwenye ugonjwa wa moyo ajue kwamba THC hukimbiza mapigo.

Inatibu nini, basi? Ushahidi thabiti ni wa kifafa cha aina chache. Juni 2018 Marekani iliidhinisha Epidiolex, dawa ya CBD safi, kwa wagonjwa wa kuanzia miaka miwili wenye kifafa kikali cha Dravet au cha Lennox-Gastaut. Kwa usingizi, wasiwasi na maumivu kuna matumaini na tafiti ndogo. Kwa saratani, kisukari na nguvu za kiume kuna sauti za WhatsApp.

Hapa nina neno kwa wazazi. Epidiolex huanza na miligramu 5 kwa kila kilo ya mtoto kwa siku na huweza kupanda hadi 20. Mtoto wa kilo 20 anaanza na miligramu 100. Kichupa cha kawaida cha dukani, mililita 10 chenye miligramu 500, kingemwishia kwa siku tano, na akifika kipimo cha juu kisingemaliza siku mbili. Matone mawili ya mafuta ya dukani si tiba ya kifafa. Kibaya zaidi ni kumwachisha mtoto fenobabito au kabamazepini ghafla ili "ajaribu cha asili". Kuacha ghafla huleta degedege mfululizo, na hilo linaua.

Hesabu hiyohiyo inamsaidia mtu mzima. Miligramu 500 kwa mililita 10 ni 50 kwa kila mililita, na mililita moja ina takriban matone 20, kwa hiyo tone moja lina miligramu 2.5. Uingereza, wakala wa viwango vya chakula ulishusha ushauri wake Oktoba 2023 kutoka miligramu 70 hadi 10 kwa siku kwa mtu mzima mwenye afya. Hayo ni matone manne. Anayekuambia ujaze kibomba kizima hajapiga hesabu.

Usiiamini lebo peke yake. Mwaka 2017 watafiti walinunua mtandaoni bidhaa 84 za CBD nchini Marekani na kuzipima: takriban asilimia 69 hazikuwa na kiasi kilichoandikwa, na bidhaa 18 zilikutwa na THC. Dai cheti cha maabara huru, na namba ya toleo kwenye cheti ilingane na iliyo chini ya kichupa. Maneno "full spectrum" yana maana kwamba THC imo, japo kidogo. "Isolate" ni CBD peke yake. Mafuta ya mbegu za hempu ni mafuta ya kupikia, hayana CBD ya maana hata yakiwekwa kwenye kichupa cha bei mbaya.

Kwa aliyeamua kujaribu THC pale inaporuhusiwa, ajali nyingi za wageni hutokana na bangi ya kula. Ya kuvuta hupanda ndani ya dakika. Ya kula hupita tumboni na kwenye ini kwanza, hivyo huchukua nusu saa hadi saa mbili, na hukaa saa sita au zaidi. Mgeni hula pipi moja, akaona kimya, akaongeza ya pili, kisha zote mbili zikafika pamoja. Miligramu 2.5 zinamtosha anayeanza, na asiongeze siku hiyo. Asichanganye na pombe. Asiendeshe gari wala bodaboda mpaka kesho yake. Awe na mtu anayemwamini ambaye hajatumia. Na sigara za kielektroniki za mtaani aziache kabisa: kati ya 2019 na Februari 2020 Marekani watu zaidi ya 2,800 walilazwa au kufa kwa mapafu kuharibika, na mafuta ya vitamini E yaliyochanganywa humo ndiyo yaliyoshukiwa zaidi.

Ukizidiwa, moyo utakwenda mbio na utaamini unakufa. Kaa mahali penye utulivu, kunywa maji, ngoja. Maumivu ya kifua, kuzimia, kutapika kusikokoma au kuona visivyokuwepo ni vya hospitali, na ukifika sema ukweli ulichotumia ili usipewe dawa ya kugongana nacho.

Pipi zenyewe zifungiwe juu, kwenye pakiti yake, mbali na peremende za watoto. Mtoto akila hata moja, usingoje kuona itakuwaje: Marekani piga 1-800-222-1222, kwingineko mkimbize hospitali iliyo karibu, na ubebe pakiti ili daktari asome miligramu.